Wikendi ya mechi za konferensi katika hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga zaidi wasemaji wa Kiswahili wanaoishi kaskazini mwa jimbo la New York na majirani zake: wanafunzi waliopata nafasi chuoni, na familia za Wakongo, Warundi na wengineo waliohamia Utica, Syracuse na Albany, ambao kila Ijumaa ya majira ya baridi wanaona magari yamejazana karibu na uwanja wa chuo na hawajui kuna nini. Mfano utakaotumika sana ni konferensi ya ECAC Hockey. Ndiyo ya mitaa hiyo, na nikiri upendeleo wangu mapema, ratiba yake ina utamu ambao konferensi nyingine hazina.

Konferensi ni nini hasa?

Ni ligi. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kina timu zaidi ya 60 za wanaume katika daraja la kwanza la hoki ya barafu, zilizotawanyika kuanzia Maine hadi Alaska. Zote haziwezi kukutana, kwa hiyo zimejigawa katika konferensi sita: Hockey East, ECAC Hockey, Big Ten, NCHC, CCHA na Atlantic Hockey America. Chache zimebaki huru, bila konferensi. Mbili za Alaska zimo humo, na ukitazama ramani huhitaji kuambiwa sababu.

ECAC ina vyuo 12. Sita ni vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya kaskazini-mashariki mwa Marekani: Brown, Cornell, Dartmouth, Harvard, Princeton na Yale. Sita vingine ni Clarkson, Colgate, Quinnipiac, RPI, St. Lawrence na Union. Konferensi hii ilianza kucheza msimu wa 1961–62. Mwaka 1984 kundi la vyuo vya New England (majimbo ya kona ya kaskazini-mashariki), vikiwemo Boston College na Boston University, lilijitenga likaunda Hockey East.

Kwa nini mechi nyingi ni Ijumaa na Jumamosi?

Kwa sababu wachezaji ni wanafunzi. Jumatatu hadi Alhamisi kuna darasa, maabara, mazoezi ya barafuni na ya gym. Timu ya kulipwa ya NHL hucheza mechi zaidi ya 80 kwa msimu na hupanda ndege siku yoyote ya wiki. Timu ya chuo kwa miaka mingi imewekewa kikomo cha mechi 34 za msimu wa kawaida, na vyuo vya Ivy League huanza kwa kuchelewa na kucheza chache zaidi. Husafiri kwa basi, na wachezaji hufungua vitabu humo humo njiani.

Matokeo yake ni kwamba katika mchezo huu kipimo ni wikendi nzima. Kocha akihojiwa Ijumaa usiku baada ya ushindi, mara nyingi atajibu kama mtu aliyefika nusu ya safari. Jumamosi usiku ndipo hesabu inafungwa: kati ya pointi sita zilizokuwa mezani, tumeondoka na ngapi?

Nimesikia habari za "wenza wa safari". Ndio nini?

Hapa ndipo utamu wa ECAC ulipo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Vyuo 12 vimepangwa katika jozi sita kufuatana na jiografia. Cornell, iliyoko Ithaca, iko na Colgate ya kijiji cha Hamilton. Clarkson, iliyoko Potsdam, iko na St. Lawrence ya Canton. RPI ya Troy iko na Union ya Schenectady. Harvard na Dartmouth ni jozi, Brown na Yale ni jozi, Princeton na Quinnipiac ni jozi. Jozi moja husafiri kwenda kwa jozi nyingine, na usiku wa pili hubadilishana wenyeji.

Chukua wikendi ambayo Harvard na Dartmouth wanapanda kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada. Ijumaa Harvard anacheza kwa Clarkson, na muda huohuo Dartmouth yuko kwa St. Lawrence. Jumamosi Harvard anahamia kwa St. Lawrence, na Dartmouth anakuja kwa Clarkson. Kutoka Potsdam hadi Canton ni kama kilomita 17 tu, kwa hiyo basi likishamaliza kama saa sita za barabara kutoka Cambridge, mji wa Harvard jirani na Boston, kazi ngumu imekwisha. Mgeni amepata mechi mbili kwa safari moja, na mwenyeji amepata wageni wawili tofauti bila kutoka kwake.

Sio jozi zote zilizobahatika hivyo. Troy na Schenectady zimekaribiana sana, lakini Princeton iko New Jersey na Quinnipiac iko Connecticut, na kati yao kuna New York City na foleni zake. Timu inayomaliza mechi saa tatu na nusu usiku upande mmoja ina kazi ya kufika upande wa pili, kulala, kula na kuvaa tena viatu vya barafu kabla ya saa moja usiku unaofuata.

Sasa angalia jambo ambalo mgeni wa mchezo halioni mara moja. Ukimkimbiza mpinzani Ijumaa hadi akachoka, anayefaidika Jumamosi ni jirani yako. Na jirani huyo ndiye unayemchukia kuliko wote! Clarkson akimbana Harvard kwa dakika 60, kesho yake St. Lawrence anampokea Harvard mwenye miguu mizito. Wikendi inayofuata deni linaweza kurudi upande wa pili. Sijui ligi nyingine ambamo mahasimu wa jadi wanasaidiana kwa lazima namna hii.

Wenza wenyewe nao hukutana mara mbili kwa msimu. Mara nyingi hiyo huwa ni wikendi moja, Ijumaa kwa mmoja na Jumamosi kwa mwingine, na mashabiki huhama na timu.

Konferensi nyingine hufanyaje?

NCHC na Big Ten kwa kawaida huwakutanisha wapinzani walewale usiku wote mbili, uwanja uleule. Denver akienda Grand Forks kucheza na North Dakota, atacheza nao Ijumaa na atacheza nao tena Jumamosi. Big Ten ina timu saba za hoki, kila moja hukutana na kila mwenzake mara nne, jumla mechi 24. Uzuri wa mpangilio huo ni chuki inayopata muda wa kuiva: aliyegongwa ukutani Ijumaa hana haja ya kusubiri mwezi mzima kujibu. Ubaya wake ni kwamba Jumamosi kila upande tayari unajua siri za mwenzake, na mechi inaweza kuwa ya kukabana mwanzo mwisho. Hockey East huchanganya mitindo yote miwili, kwa kuwa viwanja vyake vingi viko karibukaribu.

Pointi zinahesabiwaje?

Ukishinda ndani ya dakika 60 unapata pointi tatu na mpinzani hapati kitu. Dakika 60 zikiisha kwa sare, kuna dakika tano za nyongeza, wachezaji watatu kwa watatu mbali na makipa, na bao la kwanza humaliza mechi. Wakishindwa kufungana hapo, wanapigiana penalti. Anayeshinda katika nyongeza au penalti huchukua pointi mbili, anayeshindwa huambulia moja.

Kwa hiyo kila mechi ina pointi tatu za kugawana na wikendi ina sita. ECAC kila timu hucheza mechi 22 za konferensi, dhidi ya kila mpinzani nyumbani na ugenini, ambazo ni pointi 66 kwa asiyekosea kabisa.

Hesabu hii ina vituko vyake. Timu iliyoshinda usiku wote mbili katika dakika za nyongeza ina pointi nne. Timu iliyoshinda Ijumaa ndani ya dakika 60, kisha ikapoteza kwa penalti Jumamosi, nayo ina pointi nne. Moja inaimba njia nzima ya kurudi, nyingine imenuna, na kwenye jedwali ziko sawa. Ndiyo maana utaona kocha anayeongoza 2–1 dakika za mwisho anakaba kana kwamba maisha yake yako hapo: kuruhusu bao la kusawazisha kunamgharimu angalau pointi moja hata akishinda baadaye.

Nikiangalia rekodi ya timu naona sare, lakini ulisema penalti huamua. Mbona?

Penalti huamua pointi za konferensi tu. Katika vitabu vya NCAA mechi iliyokwenda penalti hubaki sare. Dakika tano za watatu kwa watatu zilikubaliwa kwa vyuo vyote kuanzia msimu wa 2020–21, na ushindi unaopatikana humo unatambuliwa kitaifa kama ushindi, lakini kwa uzito mdogo kuliko ule wa dakika 60 katika mahesabu ya kuchagua timu za mashindano ya taifa. Shabiki mzoefu hubeba hesabu mbili kichwani: ya konferensi na ya taifa.

Nieleze mchezo wenyewe kwa haraka.

Watu watano na kipa kila upande. Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama, hivyo tenga saa mbili na nusu hivi. Uwanja wa kawaida ni mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta na vioo. Kinachopigwa ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi kisiruke ruke.

Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, bila kumwomba mwamuzi. Zamu moja ni sekunde 40 hadi 50, kisha wanapanda ukuta na kundi jingine linaruka ndani. Anayefanya kosa hukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili, au tano kwa kosa kubwa, na timu yake hucheza pungufu. Mabao mengi ya wikendi huzaliwa hapo.

Kuotea kupo pia: mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa buluu wa adui kabla ya paki. Ukishaelewa hilo, filimbi nyingi zitakuwa na maana.

Mbona hawapigani ngumi kama ninavyoona kwenye video za NHL?

Kwa sababu gharama yake ni kubwa. Chuoni anayepigana hutolewa nje na hukosa mechi inayofuata. Weka kanuni hiyo ndani ya wikendi uone: aliyerusha ngumi Ijumaa hachezi Jumamosi, na pengo lake linaonekana mara moja. Wachezaji wote pia huvaa kinga inayofunika uso mzima, kwa hiyo ngumi yenyewe ingekuumiza mkono wako. Kugongana kifua kwa kifua kunaruhusiwa na ni kwingi. Usidhani utaangalia mchezo wa upole.

Kipa mmoja hucheza usiku wote mbili?

Inategemea kocha, na hakuna swali linalozua ubishi zaidi kwenye basi la mashabiki. Wengine humpa kipa namba moja mechi zote mbili, msimu mzima. Wengine huwagawia, mmoja Ijumaa na mwingine Jumamosi, hasa mwanzoni mwa msimu wakitafuta nani ameiva. Mimi niko upande wa kipa mmoja: kipa aliyezuia michomo 35 usiku wa kwanza na bado anajiamini ana thamani kuliko mwenzake aliyepumzika. Lakini nimewaona makipa waliochoka wakifungwa mabao mepesi kipindi cha tatu cha Jumamosi, kwa hiyo wanaopinga nao wana hoja.

Mbona wachezaji wa mwaka wa kwanza wanaonekana wakubwa?

Kwa sababu ni wakubwa. Wengi humaliza sekondari kisha hucheza ligi za vijana kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kujiunga na chuo, kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuwa na miaka 20 au 21. Wapo pia vipaji vya pekee vinavyokuja mapema. Macklin Celebrini alichezea Boston University akiwa na miaka 17, na mwaka 2024 akatwaa tuzo ya Hobey Baker, ambayo tangu 1981 hupewa mchezaji bora wa vyuo.

Mlango umepanuka zaidi hivi karibuni. Zamani aliyewahi kucheza ligi kuu za vijana za Kanada, zile zilizo chini ya CHL, alihesabiwa kuwa amepoteza sifa ya kuchezea chuo. NCAA ilibadilisha hilo kwa uamuzi wa Novemba 2024 ulioanza kutumika Agosti 2025, na papo hapo majina makubwa yakaanza kuvuka mpaka, akiwemo Gavin McKenna aliyechagua Penn State.

Wanapewa ufadhili wa masomo kwa ajili ya hoki?

Vyuo vingi ndiyo. Vya Ivy League hapana: mchezaji wa Harvard au Cornell hupata msaada wa kifedha kulingana na uwezo wa familia yake, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mzazi anayemlea kijana mwenye kipaji aulize chuo chenyewe, mapema, na apate majibu kwa maandishi.

Vyuo vidogo namna hii vinaweza kweli kushindana na vyuo vikubwa?

Vimeshafanya hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Anza na Union, chuo chenye wanafunzi 2,200 hivi, ambacho wakati huo hakikuwa kikitoa ufadhili wa michezo. Mwaka 2014 kilifika fainali ya taifa huko Philadelphia na kuikuta Minnesota, chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi na jimbo zima linalopumua hoki. Union akashinda 7–4. RPI ametwaa taji la taifa mara mbili, 1954 na 1985. Cornell ya mwaka 1970, chini ya kocha Ned Harkness, ilimaliza msimu na ushindi 29 bila kufungwa wala kutoka sare, na hakuna bingwa mwingine wa daraja la kwanza aliyemaliza hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 1967, Cornell ilichukua taji lake la kwanza ikiwa na Ken Dryden golini, ambaye baadaye alikuja kuwa kipa mashuhuri wa Montreal Canadiens.

Lakini hadithi ninayoipenda ni ya 2013. Fainali ya taifa ilichezwa Pittsburgh kati ya Yale na Quinnipiac, vyuo viwili vya Connecticut ambavyo havijaachana hata kilomita 15, vyote vya ECAC. Msimu ule Quinnipiac alikuwa amemfunga Yale mara tatu. Yale alikuwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa kuponea kuingia kwenye orodha ya timu 16 za mashindano ya taifa. Wakakutana mara ya nne, ile yenye maana kuliko zote, na Yale akashinda 4–0. Quinnipiac alisubiri miaka kumi: mwaka 2023, huko Tampa, alimfunga Minnesota 3–2 kwa bao la Jacob Quillan sekunde ya kumi ya muda wa nyongeza.

Ukiwa umekaa Hamilton au Canton Jumamosi ya baridi kali, na uwanja hauna watu zaidi ya elfu mbili, kumbuka kwamba jedwali hilohilo ndilo lililotoa mabingwa hao.

Ni kweli mashabiki wa Cornell husoma magazeti wakati wa mechi?

Kabla tu ya mechi. Timu ya wageni inapotambulishwa, wanafunzi wa uwanja wa Lynah hufunua magazeti na kujifanya wamezama kwenye habari, kwamba wageni hawa hawastahili hata kutazamwa. Lynah huchukua watu 4,200 na ushee, na paa lake liko chini, kwa hiyo kelele haina pa kwenda.

Harvard akija, hurushiwa samaki. Samaki kweli, kwenye barafu. Inasimuliwa kwamba chanzo ni mashabiki wa Harvard waliowahi kutumia kuku kuwakejeli Cornell kwa kuwa na chuo cha kilimo, na Cornell wakawajibu watu wa Boston kwa kitoweo cha pwani yao. Waamuzi wanaweza kuiadhibu timu mwenyeji kwa kuchelewesha mchezo, na tangazo hutolewa kila mara kuwasihi watu waache. Samaki bado huja.

Kila uwanja una mambo yake. RPI wanacheza kwenye Houston Field House, ambalo lilikuwa ghala la jeshi la majini lililohamishwa na kufunguliwa kama uwanja mwaka 1949. Yale wana Ingalls Rink, kazi ya Eero Saarinen iliyofunguliwa 1958, ambayo paa lake limepinda mpaka watu wakaipa jina la nyangumi. Mtu asiyejali hoki kabisa aende Yale kutazama dari tu, hatajuta.

Mechi zipi si za konferensi?

Oktoba huwa zimejaa hizo, pamoja na mashindano ya sikukuu ya mwisho wa mwaka. Maarufu zaidi ni Beanpot ya Boston: Harvard, Boston College, Boston University na Northeastern hukutana Jumatatu mbili za mwanzo wa Februari, desturi iliyoanza 1952. Harvard akishinda pale hapati pointi hata moja ya ECAC, na ana mechi za konferensi Ijumaa inayofuata akiwa amechoka. Ushindi wa namna hiyo husaidia hesabu ya kitaifa. Kwa jedwali la konferensi haupo.

Na wanawake?

Wana konferensi yao kwa jina hilohilo la ECAC, na hucheza wikendi za mtindo uleule. Kwa mafanikio ya taifa wanawake wa Clarkson wamewapita wanaume wa chuo chao kwa mbali: mabingwa 2014, 2017 na 2018. Wanaume wa Clarkson hawajawahi kutwaa taji hilo. Tiketi huwa rahisi kupatikana na nafasi ya kukaa mbele ipo. Kwa familia yenye watoto ningeanzia huko.

Wikendi hizi zote zinaelekea wapi?

Mwisho wa Februari jedwali hufungwa. Bingwa wa msimu wa kawaida wa ECAC huchukua Cleary Cup. Timu nne za juu hupumzika raundi ya kwanza, zile za nafasi ya tano hadi ya 12 huchujana kwa mechi moja moja. Robo fainali huchezwa kwa mshindi wa mechi mbili kati ya tatu, uwanja wa aliyemaliza juu, na hapo wikendi hurefuka hadi Jumapili ikibidi. Nusu fainali na fainali huenda Lake Placid, kwenye uwanja uleule ambao Marekani iliifunga Sovieti 4–3 kwenye Olimpiki ya 1980 kwa kikosi cha vijana wa vyuo. Mshindi huko hubeba Whitelaw Cup na kuingia moja kwa moja kwenye timu 16 za mashindano ya taifa. Mabingwa wa konferensi zote sita huingia hivyo. Nafasi kumi zinazobaki hutolewa kwa hesabu.

Katika mechi za mtoano hakuna penalti wala watatu kwa watatu. Wanacheza watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, mpaka mtu afunge. Machi 2015, kwenye mtoano wa Hockey East, UMass na Notre Dame walicheza vipindi vitano vya nyongeza, dakika 151 na sekunde 42, mpaka UMass akashinda 4–3. Ndiyo mechi ndefu kuliko zote katika historia ya daraja la kwanza.

Nina ndugu Afrika Mashariki anayetaka kutazama. Mechi ni saa ngapi kwao?

Mechi nyingi huanza saa moja usiku kwa saa za New York. Kuanzia mwanzo wa Novemba hadi katikati ya Machi hiyo ni saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa nane usiku Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, na saa kumi alfajiri Muscat. Mechi ya Ijumaa, kwa hiyo, kwake ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Majira ya saa yakibadilika Marekani, apunguze saa moja. Mechi za ECAC zimekuwa zikionyeshwa kwenye ESPN+, huduma ya kulipia ya Marekani. Aliye nje ya nchi ahakikishe kwanza kama inapatikana alipo kabla ya kutoa hela.

Kwani huko nyumbani kuna hoki ya barafu?

Nairobi ipo. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari ulifunguliwa 2005, mdogo kuliko uwanja kamili, na hapo ndipo Kenya Ice Lions walipozaliwa. Mwaka 2018 waliletwa Kanada na wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia, IIHF.

Naenda mara ya kwanza. Nijiandae vipi?

Vaa koti hata kama uwanja una paa, kwa sababu chini kuna barafu na unakaa saa mbili na zaidi. Watoto wavae soksi nzito na kofia. Usikae safu ya kwanza ukidhani ndiyo bora. Kioo na ukuta vitakuzibia kona ya karibu. Panda safu ya nane au ya kumi upande wa katikati, utaona paki inakotoka na inakokwenda. Simu iweke mfukoni mchezo ukiendelea, maana paki ikiruka juu ya kioo haimwulizi mtu. Wanafunzi wa chuo chenyewe mara nyingi huingia kwa bei ndogo au bure wakionyesha kitambulisho, lakini Harvard akiwa Ithaca tiketi huisha mapema, na harufu ya samaki ni sehemu ya bei.